Kifaa, Kufaa

Mimi sishiki bisibisi.
Mimi ndimi msoma kanuni wa timu ya Tandu:
kurasa arubaini na moja,
zilizochapishwa kwa wino unaokwisha
pale kwa Bi Shufaa, Malindi mjini.
Wenzangu wananuka moshi wa kulehemu.
Mimi nanuka karatasi.

Kila kitu hupita kwangu kabla ya kufungwa skrubu.
Springi ya mwavuli uliovunjika? Ndiyo, kifungu cha tano.
Bati la debe la mafuta? Ndiyo, makali yakipigwa tupa.
Mpira wa baiskeli, ule wenye viraka vitatu?
Nilisoma mara mbili. Kanuni haina neno juu ya viraka.
Gundi ya viatu, hapana.
Ngumbao aliapa kwa mamake kuwa haina sumu.
Nikamgeuzia mkebe, akaonana na fuvu.

Ili zisinitoke kichwani nilizitungia ubeti,
nikaubandika ukutani juu ya meza ya vyuma:

*Mota zisizidi nne, volti kumi na mbili,*
*Kila kitu ukione kwenye orodha asili,*
*Usichonge, usishone, mota ibaki kamili,*
*Mkaguzi asikane, chombo chetu ni halali.*

Mwalimu Tsofwa akasimama, akahesabu kwa vidole.
"Mizani imetimia," akasema, akaenda zake.
Sisi tukambeba Tandu hadi kwa muuza korosho,
tukamweka juu ya mizani ya magunia:
kilo kumi na nane na nusu. Mwisho ni ishirini.
Muuza korosho akauliza kilo twauzaje.

Mota ya kushoto Lali aliitoa
kwenye waipa ya gari lililogongwa njia ya Gede.
Nililinganisha tarakimu moja moja na orodha,
nikaitilia alama ya vema kwa kalamu ya kijani.

Wiki ya tatu Tandu akaanza kukimbia
kama aliyepigiwa simu ya msiba.
Wote wakashangilia. Mimi nikauliza,
"Mbona anapinda kulia?"
Lali akatazama kucha zake.

Ami yake, fundi wa Maweni, alikuwa ameifungua,
akaisuka upya kwa waya mnene wa shaba,
usiku mmoja, bila senti,
kwa mapenzi tu ya mtoto wa nduguye.
Yeye hakuwahi kuuona ukuta wetu.

Kifungu cha saba, aya ya pili.
Sikuhitaji kufunua.

"Lakini inafaa," Lali akasema.
"Kifaa ni kitu kinachofaa. Lugha yenyewe yasema."
Na kweli, lugha yasema.
Nilitafuta neno la namna hiyo kwa kilichoruhusiwa,
fupi, la kutosha kiganjani.
Sikulipata.

Nilijua pia kwamba mkaguzi wa Mombasa hafungui mota.
Hupima urefu, hugusa nyaya, huuliza betri,
hubandika kijikaratasi, hupita.
Shaba ingebaki humo ndani, gizani,
ikijulikana na watu watatu
na wa nne mimi, mwenye kalamu.

Wino wa kijani haufutiki.
Nilijaribu kwa mate, nikatoboa ukurasa.
Basi nikaandika pembeni mwa tundu:
*imefunguliwa. Hapana.*
Nikamsomea kila mtu, kwa sauti, hata Ngumbao
aliyekuwa ameanza kuvaa viatu aondoke.

Siku nne Lali hakunisemesha.
Alinipitia kama anavyopita nguzo ya stima.
Siku ya tano akaja na mota nyingine,
nzito, na vumbi lake, na skrubu zenye kutu
ambazo hakuna aliyezigusa tangu kiwandani.
Akaiweka juu ya daftari langu, pale penye tundu.
"Soma," akasema.

Nikasoma.

Tandu sasa ni mzito wa mguu, ila haendi upande.
Na ile mota ya shaba mnene
inazungusha feni katika karakana ya Maweni.
Juzi nilipita, jua la saa saba,
nikasimama mbele yake kidogo.
Inafaa sana.